Ngoma ya Headington ni Mali ya Nani?

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, 1899, Bwana Cecil Sharp, mwalimu wa muziki kutoka London, alikuwa mapumzikoni kwa mama mkwe wake katika kijiji cha Headington, jirani na mji wa Oxford. Mara akasikia njuga. Alipochungulia dirishani aliwaona wanaume waliovaa nguo nyeupe zilizopambwa kwa tepe za rangi, njuga zimefungwa miundini, wakijipanga mbele ya nyumba kucheza ngoma ambayo yeye, pamoja na elimu yake yote, hakuwa akiijua. Aliyewapigia muziki alikuwa kijana wa miaka 27, William Kimber, fundi mwashi. Ala yake ilikuwa konsatina, ambayo twaweza kuiita mdogo wake akodiani ya taarab.

Wachezaji wale waliomba radhi kwa kutoka nje ya msimu. Ngoma hiyo, iitwayo Morris, wakati wake ni Pentekoste, majira ya maua. Lakini baridi ya mwaka ule ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, na mafundi hawakuwa na ujira. Wakaona afadhali wavae njuga wapite nyumba kwa nyumba, angalau wapate senti chache. Siku ya pili yake Sharp alimwita Kimber, akamwomba apige tena, naye akaandika nota. Hiyo ndiyo siku ambayo wapenzi wa ngoma za Kiingereza huihesabu kuwa mwanzo mpya.

Yafaa tuieleze ngoma yenyewe. Kwa desturi ya vijiji vya upande ule, wachezaji huwa sita, safu mbili za watu watatu watatu wakielekeana. Hurukaruka kwa mguu mmoja mmoja, huzungukana na kupishana, mikononi wana leso nyeupe ambazo huzirusha juu kwa pamoja. Au hushika fimbo na kuzigonganisha kwa mapigo ya muziki. Aghalabu huwapo na mchekeshaji, ambaye kazi yake ni kuwatania watazamaji. Jina lenyewe lina asili ya ajabu kwa ngoma ya wakulima wa Kiingereza: latokana na jina walilopewa watu wa Maghribi, wale Waislamu waliopata kutawala Andalusia. Namna jina lilivyofika huko, wataalamu bado wabishana. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1448 chama cha masonara wa London kiliwalipa wachezaji wa ngoma hii shilingi saba.

Tangu hapo imepita katika misukosuko mingi. Wakati wa utawala wa Wapuritani, watu wa dini wasiopenda anasa, Bunge liliamuru mwaka 1644 ile miti ya sherehe za mwezi wa Mei iangushwe, na ngoma za vijijini zikapata mateso yake. Zikafufuka baada ya mfalme kurudi mwaka 1660. Karne ya kumi na tisa, vijana walipohamia mijini kutafuta kazi, zikafifia tena, safari hii bila amri ya mtu yeyote. Headington kwenyewe walikuwa wameiacha tangu mwaka 1887, hata Percy Manning, mpenzi wa mambo ya kale wa Oxford, alipowashawishi mwaka 1899 waicheze tena.

Sasa tufike penye kiini cha habari. Mwaka 1905 bibi mmoja, Mary Neal, aliyekuwa akiongoza klabu ya wasichana washonaji maskini wa London iliyoitwa Espérance, alimwomba Sharp ushauri. Sharp akamtajia Kimber. Kimber akaenda London na jamaa yake, wakawafundisha wale wasichana, na wasichana nao wakaitwa huku na huku nchini kuwafundisha wengine. Sharp alipotoa kitabu chake cha kwanza cha Morris, mwaka 1907, alikitunukia klabu hiyo.

Urafiki huo haukudumu. Sharp alishikilia kwamba ngoma lazima ichezwe barabara kama ilivyopokelewa, ifundishwe na walimu waliohitimu. Bibi Neal alishikilia kwamba ngoma ni furaha ya watu, na mwenye kuifundisha ni yule aliyeirithi, hata kama hajui nota wala hana cheti. Serikali nayo ikaingia: mwaka 1909 idara ya elimu ilizikubali ngoma hizi katika mazoezi ya viungo shuleni, na penye shule pana mitihani. Ushindi ukamwendea Sharp, ambaye mwaka 1911 aliunda chama cha ngoma za asili za Kiingereza.

Hatusemi Sharp alikosea kuandika. Bila kalamu yake ngoma za vijiji kadhaa zingezikwa na wazee wao. Lakini tazama matokeo yake. Mwaka 1934 vikundi kadhaa vilianzisha shirikisho lao, Morris Ring, kwa ajili ya wanaume peke yao, ilhali walioieneza ngoma ile mijini walikuwa wasichana wa cherehani! Ilibidi wanawake waunde shirikisho lao mwaka 1975, na Morris Ring haikuwafungulia mlango hadi mwaka 2018.

Hali kadhalika vikundi vingine vilikuwa na desturi ya kujipaka masizi usoni. Wenyewe walidai ni njia ya zamani ya kujificha wasitambulike. Wengine wakaonyesha kufanana kwake na michezo ya karne ya kumi na tisa iliyowadhihaki watu weusi. Mwaka 2020 mashirikisho matatu ya Morris yaliafikiana kuiacha. Kikundi cha mji wa Bacup kilikataa, kikajitoa. Sisi twaona walioacha hawakupoteza chochote cha thamani, na ngoma ingali inachezwa.

Kimber hakuacha uashi wala ngoma, na katika uzee wake alikuwa bado akiwafundisha vijana wa Headington. Alifariki mwaka 1961, tarehe 26 Desemba, siku ile ile aliyowapigia wenzake barazani kwa mama mkwe wa Sharp.

Maofisa wetu wa utamaduni hawatashangaa kusikia kwamba Uingereza, pamoja na vitabu vyake vyote, ilichelewa kujiunga na mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika. Kenya ilijiunga mwaka 2007, Tanzania mwaka 2011, Uingereza mwaka 2024. Sasa nao wana fomu za kujaza. Tungependa kuona, mahali pa jina la mwenye ngoma, wataandika la nani.