Kijana, Subiri Kidogo Kabla ya Kutuma



Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp: "Nafasi za kwenda Kanada zimefunguliwa. Jaza fomu, andika namba ya kadi ya familia, lipa ada leo kabla ya saa kumi. Watumie na wenzako." Jioni zoni nzima inao. Familia nyingine inauza unga wa mgao ili ipate hiyo ada. Kwa nini watu wenye akili timamu tunaamini?

Kwanza ni tumaini. Aliyeandika anajua tunachosubiri kwa miaka mingi. Moyo ukijaa tumaini au hofu, akili huchelewa kuuliza. Neno "leo" limewekwa makusudi ili usipate nafasi ya kuuliza mtu.

Pili ni kurudiwa. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi za kweli na za uongo wazipime, mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Zile zilizorudiwa ziliaminiwa zaidi, hata za uongo. Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye simu methali hii inaweza kutupoteza, kwa sababu uongo mmoja unaweza kukufikia kutoka makundi matano kwa siku moja.

Tatu ni umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupima matokeo kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Tena kijana hupenda kuwa wa kwanza kuleta habari. Si aibu, lakini inabidi kujizoeza kusubiri.

Fanya hivi:

1. Ujumbe ukikuharakisha, weka simu chini kwanza.

2. Angalia kama una alama ya mishale miwili. Maana yake umepita mikono mingi. Tangu Aprili 2020, WhatsApp huruhusu ujumbe wa namna hiyo kutumwa sehemu moja tu kwa mara moja.

3. Jiulize: nani ameandika? Lini? Ofisi ipi? Kisha ulizia kwenye dawati la ulinzi.

4. Usimpe mtu namba ya kadi ya familia kwa simu.

5. Kumbuka kwamba huduma zote za UNHCR ni bure, pamoja na makazi mapya. Anayedai pesa ni tapeli, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

6. Umekwisha kutuma? Rudi kwenye kundi lile lile, sema wazi: "Habari niliyotuma si ya kweli." Watakuheshimu zaidi.

Mama zetu na wazee wengi hawana simu. Habari wanazipata kwako, nawe ndiwe redio yao. Kabla hujawasomea ujumbe, hakikisha kwanza, maana wao watakuamini.