Fahamu: Jinsi Liberia ilivyorejesha usalama na imani baada ya vita

Vita viwili vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1989 na 2003, viliiacha Liberia bila jeshi la kuaminika, bila umeme wa gridi na hazina ikiwa tupu. Mkataba wa amani ulitiwa saini mjini Accra Agosti 2003, na kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNMIL, kikaingia na askari wapatao 15,000. Ellen Johnson Sirleaf alipoapishwa kuwa rais Januari 2006, bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini hofu ilikuwa bado vifuani mwa watu.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa jeshi. Lile la zamani lilivunjwa, na jipya la watu wapatao 2,000 likaundwa upya. Picha za walioomba kujiunga zilitangazwa hadharani ili mwananchi aliyemtambua mtesi wake aseme. Hatua hiyo ilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa ilimpa raia neno juu ya nani abebe bunduki ya serikali.

Umeme nao ulianza kurudi: Julai 2006 taa za barabarani ziliwaka tena katika baadhi ya mitaa ya Monrovia. Hazina nayo ikapata nafuu: mwaka 2010 nchi ilifutiwa madeni ya zaidi ya dola bilioni 4.

Haki ilibaki nyuma. Mwaka 2009 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipendekeza mahakama ya uhalifu wa kivita, lakini Sirleaf aliondoka madarakani bila kuiunda, na jeraha hilo waathirika wamebaki nalo. Hata hivyo, Januari 2018 alimkabidhi mrithi wake, George Weah, uongozi kwa amani. Miezi miwili baadaye UNMIL ikafunga kazi.