Kazi ya Kufuata Maji: Saa za Kazi na Afya Yako

Watu wengi hudhani kwamba saa za kazi ni jambo la mwajiri na mwajiriwa tu, na kwamba daktari hahusiki. Sivyo. Saa unayoanza kazi, saa unayopumzika na mahali unapofanyia kazi huamua kama utaumwa na mbu, kama mtoto wako atanyonya vya kutosha, na kama moyo wako utachoka kabla ya wakati. Mwezi huu tutazame jambo hili kwa kuangalia Kibiti na delta ya Rufiji, mahali ambapo saa ya ukutani haijawahi kuwa bwana.

Saa ya maji

Katika delta, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Yakijaa leo saa mbili asubuhi, baada ya wiki moja yatajaa karibu na saa nane mchana. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka sana. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo.

Anayetega kaa kwenye mikoko, anayevua kamba na anayesafirisha mzigo kwenda Nyamisati wote hupanga kazi kwa maji hayo. Mtumbwi ukikutwa na maji yaliyopwa hukwama kwenye tope mpaka yajae tena. Basi watu wa delta walijua kazi ya saa zinazobadilika zamani sana, kabla wakuu wa maofisi hawajaanza kuizungumzia.

Kufanya kazi mbali na nyumbani nako si kugeni. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakulima wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa kwenye vijiji vya nchi ya juu, lakini mashamba ya mpunga yakabaki bondeni. Tangu hapo familia nyingi huhamia mashambani kwa msimu na kulala kwenye dungu, wakilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na ngedere.

Faida na hatari zake

Saa zinazobadilika zina faida. Mtu hupata nafasi ya kwenda kliniki, kulima shamba lake na kumhudumia mgonjwa. Lakini zisipopangwa vizuri huleta madhara. Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya watu 8 inayonunua kaa na kamba. Tajiri anawataka watu wale wale wafanye kazi kila maji yanapopwa, usiku na mchana. Kila zamu ni saa 4. Kati ya zamu na zamu zimebaki saa kama 8 tu. Ondoa muda wa kupiga kasia, kupika, kula na kuoga: usingizi unabaki saa 5 au pungufu, tena wa vipande vipande. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Asiyelala vya kutosha husahau, hukasirika upesi na huchelewa kuona hatari. Kwenye maji yenye mamba na viboko, usiku, uzembe wa dakika moja unaweza kuondoa maisha ya watu wote waliomo chomboni.

Kazi za saa nyingi mno nazo huua polepole. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40.

Chagua saa, epuka ugonjwa

Magonjwa nayo yana saa zake. Mbu wa malaria huuma tangu jua linapozama hadi alfajiri. Anayelala kwenye dungu anahitaji chandarua chenye dawa kama yule aliyelala nyumbani. Chandarua kimoja kilichoachwa kijijini hakimkingi mtu wa shambani. Ukipata homa, usingoje msimu uishe. Nenda kapimwe siku hiyo hiyo.

Kichocho ni kinyume. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi kwa wingi zaidi katikati ya mchana, wakati jua ni kali. Hivyo anayelazimika kuingia kwenye maji ya shamba la mpunga au bwawa ni afadhali aingie asubuhi mapema na kutoka kabla ya saa nne. Hatari haiishi kabisa, lakini hupungua. Mchana huo ndio pia wakati ambapo joto huchosha mwili kuliko saa nyingine, basi mapumziko ya adhuhuri yana faida mbili.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka kwa wafanyakazi wa kawaida, hata wa kampuni ndogo:

1. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Ziada hulipwa mara moja na nusu.

2. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60.

3. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine kuwe na mapumziko ya saa 12. Yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, ikiwa kazi ya siku ina katizo la angalau saa 3, au mfanyakazi anaishi hapo kazini. Kifungu hiki kinafaa kazi ya maji kujaa na kupwa, lakini makubaliano ya mdomo hayatoshi.

4. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mjamzito asipangiwe usiku katika miezi 2 kabla ya kujifungua, wala mama katika miezi 2 baada ya kujifungua.

5. Mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku.

Hili la mwisho lina uzito mkubwa. Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Ziwa lisiponyonywa kwa muda mrefu hupunguza maziwa. Mama akikaa kutwa kwenye mizani ya kaa, nyumbani huanza uji na maji yasiyochemshwa, na baada yake kuharisha.

Kazi ya nyumbani kwa simu

Siku hizi karani wa kampuni kama hiyo anaweza kukaa nyumbani kwake Kibiti, akapokea hesabu kwa simu na kulipa wavuvi kwa simu hiyo hiyo. Amepumzika na safari, na mtoto yuko karibu. Lakini wavuvi humpigia saa tisa usiku maji yanapopwa, na tajiri humpigia saa mbili usiku. Kazi isiyo na mlango wa kufunga haina mwisho. Wapatane saa za kupokea simu, na nje ya hizo simu izimwe. Asiketi kitandani akiinama juu ya simu: atafute kiti na meza, ainuke kila nusu saa, apumzishe macho kwa kutazama mbali, na asifanyie kazi jikoni penye moshi wa kuni.

Mambo ya kufanya

Kwa mwenye kampuni:

(a) Andika ratiba ya maji ya wiki nzima na kuibandika wazi. Kila kikundi kishike maji mamoja kwa siku, si yote mawili.

(b) Uliza mapema nani ana siku ya kliniki. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya UKIMWI asikose dawa kwa sababu ya zamu. Hahitaji kutangaza ugonjwa wake ili apewe ruhusa.

(c) Mjamzito aliyekaribia kujifungua asipelekwe kisiwani. Uchungu ukimkuta maji yamepwa, mtumbwi hautatoka.

Kwa mfanyakazi:

(a) Andika kwenye daftari saa ulizofanya kazi kila siku. Daftari hilo litakusaidia kudai haki, na litamsaidia mganga kujua kwa nini unachoka.

(b) Unapotoka zamu ya usiku, lala kwanza chini ya chandarua, mahali penye giza, ndipo uende shambani.

(c) Beba dawa zako, maji safi na chakula. Usitegemee kurudi mapema.

Maji yakijaa hupwa, na mwili nao lazima uwe na saa yake ya kupwa. Mwenye kampuni anayelijua hilo atakuwa na wafanyakazi wazima msimu ujao.