Kisanduku Kiitacho Ndege

Tangu kale wanadamu wamejaribu kusema na ndege. Katika Tanzania, Wahadza wakaao karibu na Ziwa Eyasi hupiga mluzi kumwita ndege yule aongozaye watu kwenye asali. Ndege akisikia huja, akatangulia mbele yao mti hata mti, mpaka wafike penye nyuki. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba ndege wa Uhadza huuitika mluzi wa Wahadza zaidi ya mara 3 kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji, ingawa ndege wa pande zote mbili ni wa aina moja. Basi ndege ni msikivu sana, na sauti asiyoizoea haimvuti.

Jambo hilo walilijua pia wawindaji wa Amerika ya Kaskazini. Huko ndiko asili ya bata mzinga. Wale wanaofugwa vijijini kwetu ni wa ukoo uleule. Lakini bata mzinga wa mwituni ana macho makali, na akiona kitu kikitikisika hukimbia mara moja. Kumfuata ni kazi bure; heri kumwita. Wenyeji wa nchi ile walikuwa wakinyonya hewa katika mfupa wa bawa lake, ukatoa sauti kama ya jike. Baadaye mafundi wakatengeneza kisanduku cha mti. Mwaka 1897 Henry C. Gibson wa Dardanelle, katika jimbo la Arkansas, alipewa hati ya serikali kwa kisanduku cha namna hiyo, na umbo lake linafuatwa hata leo.

Kisanduku chenyewe ni kirefu na chembamba, chashikika kwa mkono mmoja. Ndani ni kitupu, na juu ki wazi. Kuta zake mbili ndefu hukombwa mpaka kila moja iwe nyembamba kama milimita 3 hivi, na ukingo wake wa juu hupindwa kidogo mfano wa upinde. Juu yake hulala kifuniko chenye mkono, nacho hushikwa na parafujo moja tu mwishoni, ili kiweze kwenda huku na huku. Upande wa chini wa kifuniko hupakwa chaki. Mwindaji akikivuta polepole juu ya ukingo wa ukuta, kisanduku hulia kama bata mzinga jike.

Sauti hiyo hutoka wapi? Kila mtu amesikia mlango wa ubao ukilia unapofunguliwa, na wapiga zeze wajua kwamba uta usiopakwa utomvu hauimbi. Sababu ni moja. Chaki hukifanya kifuniko kishike ukingo. Kikivutwa huachia, kikashika tena, kikaachia tena, mamia ya mara kwa sekunde moja. Kila kikiachia, ukuta mwembamba hutetemeka, na hewa iliyo ndani ya kisanduku hutetemeka pamoja nao. Mtetemo huo ndio sauti. Tone moja la mafuta likianguka ukingoni, kifuniko huteleza bila kushika, na kisanduku huwa bubu.

Hapo ndipo fundi hujulikana. Ukuta ukiwa mnene mno, haulii. Ukiwa mwembamba mno, hupasuka. Ubao wenye unyevu hautetemeki vizuri, kwa hiyo mti hukaushwa kivulini kwa miezi mingi kabla haujaguswa na randa. Kisha fundi huugonga ubao kwa kidole na kusikiliza. Mti mgumu hutoa sauti kali na nyembamba. Mti mwepesi hutoa sauti nzito yenye mikwaruzo. Kwa sababu hiyo wengi hutumia mti mwepesi kwa kisanduku na mti mgumu kwa kifuniko. Tena fundi hukomba kidogo, hujaribu, hukomba tena. Akizidisha, hawezi kurudisha unyoya wa mti alioutoa.

Wako mafundi wapendao miti ya mbali na miti yenye maua. Katika miti mingine nyuzi hazikwenda moja kwa moja, bali zilijipinda kama mawimbi, na ubao ukilainishwa kwa msasa hung'aa kama maji yapigwayo na upepo. Mti mwingine huota nundu, na ndani ya nundu hiyo mna madoa na vizingo vya ajabu. Visanduku vya miti hiyo huuzwa ghali, na watu huviweka kabatini. Lakini nyuzi zilizopinda hupasuka upesi zikikombwa, na uzuri wa ubao hauonyeshi sauti yake. Bata mzinga aliye kichakani haoni maua ya ubao, husikia tu. Wahenga wa pwani walisema, "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi."

Mafundi hao huagiza miti yao toka nchi nyingi, na Tanzania ni mojawapo. Wako Wamarekani wachongao vyombo vya kuitia ndege kwa mpingo, mti uleule mweusi ufanyao zumari za Ulaya, mzito hata kuzama majini. Uwanda wa juu wa Ufipa ni nchi ya majani zaidi kuliko miti. Lakini mtu akitoka Sumbawanga kushuka bonde la Rukwa, au kwenda kaskazini upande wa Mpanda, huingia katika miombo, na humo huota mninga na mkurungu. Mninga ukikauka haupindi sana, na maseremala huupenda kwa milango na vitanda.

Miti hii hukua polepole. Apandaye mpingo ujanani, huenda mjukuu wake ndiye atakayeukata. Mkurungu nao ulikatwa kwa wingi na kupelekwa Asia ukiwa magogo, mara nyingi bila ruhusa. Ndipo mataifa yakaingilia: mpingo na miti ya jamaa yake iliwekwa chini ya sheria ya biashara ya mataifa tangu mwaka 2017, na mkurungu mwaka 2019. Gogo likiondoka zima, faida ya ufundi huwafuata wengine. Kisanduku cha kuita ndege, au chombo kingine kidogo cha sauti, hakitaki gogo. Kipande kilichobaki baada ya mlango chatosha, kama yuko mtu ajuaye kukisikiliza kabla ya kukitupa motoni.

Liko na jambo la mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 bata mzinga wa mwituni walikuwa karibu kwisha Marekani, kwa kuwindwa bila kiasi na kwa kukatwa misitu. Ndipo serikali zikaweka sheria na kuwahamishia ndege katika misitu waliyotoweka, nao sasa wamekuwa mamilioni tena. Katika majira ya kuchipua, mahali pengi ni dume tu aruhusiwaye kupigwa, ili majike walee vifaranga. Tena mwindaji hufundishwa asipige kwa kusikia sauti tu, bali amwone kwanza ndege mzima kwa macho yake. Maana yule aliaye kichakani huenda ni mtu mwenzake, ameshika kisanduku. Kadiri fundi alivyo hodari, ndivyo hatari hii izidivyo. Sauti njema hudanganya sikio la ndege na la mtu pia. Kwa hiyo ashikaye kisanduku na ashikaye bunduki wote wawili yawapasa kuwa na subira.