Mkopo ni wa mdogo wako, mbona simu inalia kwako Wakrah?

Leo tunaweka pembeni viwango vya riyal na tunaongelea simu yako, kwa sababu kuna hela inatoka mfukoni kwako kupitia simu hiyo na wewe hukuipangia.

Hali yenyewe mnaijua. Uko Wakrah, ni Ijumaa, umepumzika. Inaingia simu kwa namba ya Kenya au Tanzania usiyoijua. Mtu anakuita kwa jina, anasema mdogo wako amekopa shilingi 5,000, siku zimepita, na wewe ndiye mdhamini. Usipolipa kabla ya jioni, anasema, atawatumia ujumbe ukoo mzima. Hujasaini popote, hata mkopo wenyewe ndiyo unausikia sasa. Lakini kwa aibu na kwa kumhurumia mama, unatuma. Mwezi unaofuata wanapiga tena, maana wameshajua wewe ni mlipaji.

Namba yako waliipata wapi?

Mdogo wako alipopakua ile programu ya mkopo, iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, SMS, picha na mahali alipo. Alikuwa na shida, akabonyeza "kubali" zote bila kusoma. Ndani ya dakika chache programu ikanakili majina yote na kuyapeleka kwenye kompyuta za kampuni. Kama amekuhifadhi kwa jina la "Dada Qatar" au "Bro Doha", huyo mdai hahitaji kufanya utafiti. Akisoma na SMS za M-Pesa, anaona unatuma tarehe ngapi na kiasi gani.

Sisi wahasibu tunapotazama mkopo, swali la kwanza ni dhamana. Benki inashika hati ya shamba au gari. Hawa hawakushika kitu chochote cha mdogo wako. Walichoshika ni orodha ya watu ambao angeona aibu wakijua ana deni, na wewe uko juu kwenye orodha hiyo kwa sababu una mshahara wa riyal.

Tena kuna hatari kubwa zaidi kama mkopaji ni wewe mwenyewe. Simu yako ina namba ya kafili, ya madamu, ya msimamizi wa saiti. Ukichelewa siku mbili, ujumbe wa matusi unaweza kumfikia bosi wako. Kwa dada anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu, hilo linaweza kumgharimu kazi.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia wananchi vitisho. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 nazo zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho, matusi au kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Na kuhusu neno "mdhamini", sheria ya mikataba ya Kenya inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe ya maandishi na yenye saini. Jina lako kuwemo kwenye simu ya mtu si saini.

Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, ile mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Uganda nao wana sheria yao ya data ya mwaka 2019. Na hapa Qatar ipo Sheria Na. 13 ya 2016 kuhusu faragha ya taarifa binafsi.

Google nao walikaza. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, programu za mikopo zilizo kwenye duka la Play haziruhusiwi kusoma majina wala picha za simu. Ndiyo maana siku hizi unatumiwa linki kwenye WhatsApp: "pakua hapa moja kwa moja." Mkopeshaji anayekwepa duka la Play anakwepa masharti hayo. Hapo usibonyeze.

Lakini sheria haifuti kilichokwisha kutoka

Waliokuwa Qatar mwaka 2020 wanaikumbuka Ehteraz. Kuanzia Mei 22 mwaka huo kila mtu alitakiwa kuwa nayo kwenye simu akitoka nje, na asiyekuwa nayo aliweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini hadi riyal 200,000. Wataalamu wa Amnesty International waligundua kasoro iliyoacha taarifa za zaidi ya watu milioni moja zikiwa wazi kwa mdukuzi: jina, namba ya kitambulisho, hali ya afya, hata mahali alipo. Serikali iliarifiwa na ikaziba kasoro hiyo haraka.

Tunaitaja kwa sababu moja. Ile ilikuwa programu ya serikali, yenye wataalamu na bajeti, na bado mlango ulibaki wazi. Sasa fikiria kampuni ndogo ya mikopo isiyo na ofisi wala leseni, yenye picha ya QID yako. Hata mdogo wako akiifuta programu leo, nakala ya majina inabaki kwao. Kinga kubwa ni kutotoa, si kufuta.

Tupige hesabu

Tuseme programu inatangaza mkopo wa shilingi 5,000 kwa siku 7, na inakata ada ya 750 mwanzoni. Mkononi inaingia 4,250, na baada ya wiki anarudisha 5,000. Hiyo ni karibu asilimia 18 kwa wiki moja. Akishindwa akakopa tena kulipia ule wa kwanza, mara nne kwa mwezi, ada peke yake ni shilingi 3,000.

Sasa tuje kwako. Tuseme unapata riyal 1,000 na kila mwezi riyal 150 zinaishia kuokoa mikopo ya namna hii. Kwa mwaka ni riyal 1,800, karibu mishahara ya miezi miwili. Umefanya kazi kwenye joto la Julai na Agosti, na pesa yote ya miezi hiyo amekula mtu usiyemjua.

Fanya haya

1. Ukipigiwa, usilipe siku hiyo. Uliza jina la kampuni, namba ya leseni, na karatasi yenye saini yako. Usitaje namba ya QID wala mahali unapofanya kazi. Hifadhi ujumbe na rekodi za simu, kisha peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kama ni Kenya, au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu kama ni Tanzania.

2. Waambie nyumbani wakuhifadhi kwa jina lako la kawaida. "Dada Qatar" na "Uncle Doha" yafutwe kwenye simu zote za familia. Ni kazi ya dakika tano.

3. Fungua mipangilio ya simu yako, nenda kwenye programu, kisha ruhusa. Programu ya kutuma pesa inaweza kuhitaji kamera ili ipige picha ya QID. Tochi, mchezo au kalenda haina kazi na majina yako. Zima.

4. Picha ya QID na pasipoti usiisambaze kwa mawakala wa kazi na marafiki kwenye WhatsApp. Ikibidi kuituma, andika juu ya picha imetolewa kwa nani, kwa shughuli gani na tarehe. Usimsajilie mtu laini kwa QID yako, hata kama mnalala chumba kimoja, maana bili yake itakufuata wewe.

5. Namba ya OTP inayokuja kwa SMS ni saini yako. Asiitaje mtu yeyote kwenye simu, hata akisema anatoka benki au wizarani.

6. Ukienda likizo Kenya au Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ifungwe.

Ziba pengo linalomfanya akope

Kumgombeza mdogo wako hakutoshi. Mara nyingi anakopa kwa sababu hela yako inafika tarehe 5, na kufikia tarehe 20 nyumba imekauka. Kama kawaida unatuma riyal 600, mwambie mama 500 ni za matumizi na 100 zikae kwenye akaunti au chama kwa jina lake, zisiguswe ila kwa ugonjwa, ada ya shule au msiba. Baada ya miezi sita kuna riyal 600 zinasubiri. Siku mtoto akipata homa, watakopa kwenye akiba yenu wenyewe, bila riba na bila mtu kusoma simu ya yeyote.

Anza na mshahara wa mwezi huu. Na kabla hujatuma, piga nyumbani uulize swali moja: ni nani hapo ana programu ya mkopo kwenye simu yake?