Nani Mtoto wa Nani: Utangulizi kwa Msomaji wa Riwaya za Upelelezi

Msomaji wa Kitale au Bungoma anayeingia katika taaluma hii atalakiwa na lalamiko moja la zamani: kwamba Kiswahili hakina mpelelezi kijana. Waingereza wana watoto wanne na mbwa wao, waliofuatwa na Enid Blyton katika vitabu 21 kuanzia 1942 hadi 1963. Wamarekani wana Nancy Drew, binti aliyeanza kufumbua mafumbo mwaka 1930 katika vitabu vinavyobeba jina la Carolyn Keene, jina la kupanga lililofunika waandishi kadhaa. Wajerumani wana Emil wa Erich Kästner, aliyeibiwa pesa garimoshini akielekea Berlin, naye na watoto wa jiji wakamwandama mwizi hadi akashikwa. Hiyo ni hadithi ya 1929. Sisi tuna nani? Lalamiko hilo lina ukweli nusu. Karibu, tuitazame nusu ya pili.

Tuanze na tuliye naye. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyotoka kitabu mwaka 1960. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa maiti penye mzimu. Watu wanajisemea kwamba wakale wameghadhibika. Bwana Msa anawasha kiko chake na kumtafuta muuaji mwenye damu na nyama. Zingatia kwamba Msa si askari. Polisi ni Inspekta Seif. Msa ni raia tu mwenye akili na muda, na pembeni yake yupo Najum, anayeuliza yale ambayo sisi wasomaji tungeona haya kuyauliza. Mpango huo wa wawili umetoka kwa Sherlock Holmes, na hakuna aibu kusema hivyo. Kilicho cha Unguja ni adui anayepigwa vita: uvumi wa mizimu na wachawi, unaompa mhalifu mahali pa kujificha.

Msa akaendelea katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Ukivisoma kwa kufuatana utaona jambo lisiloonekana katika kitabu kimoja: swali linahama. Mwanzoni tunauliza nani kaua. Kadiri miaka inavyokwenda, fumbo linaingia ndani ya nyumba za watu, kwenye ndoa, urithi na nasaba, na swali linalotusukuma kufungua ukurasa unaofuata ni nani mtoto wa nani. Kwa maoni yangu hapo ndipo riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipoacha kuwa mgeni. Wale waliokuja na bastola na ndege, akina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ni watamu sana, lakini wao ni watu wa kazi na mchezo wao ni mwingine.

Sasa tuje nyumbani. Ken Walibora alizaliwa Bungoma na kukulia upande wa Cherangany, Trans Nzoia. Siku Njema yake (1996) husomwa kama riwaya ya yatima na misukosuko yake. Isome upya kama riwaya ya upelelezi. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyefiwa na mamake, Zainabu Makame, mwimbaji, anafunga safari kumtafuta baba asiyemjua, na njia inamleta Kitale. Hakuna maiti wa kuchunguzwa. Lipo fumbo, wapo mashahidi wenye kumbukumbu zao za upande mmoja, ipo hatari njiani, na yupo mchunguzi asiye na cheo wala umri wa kuheshimiwa. Swali lake ni lile lile lililomfikia Bwana Msa uzeeni mwake: mimi mtoto wa nani? Kisha soma Kidagaa Kimemwozea (2012) kwa jicho hilo hilo. Amani anachunga ng'ombe kwa Mtemi Nasaba Bora akiwa karibu kabisa na watu waliomdhulumu. Hata mswada alioutolea jasho umechapishwa kwa jina la Majisifu, nduguye Mtemi. Mchungaji anaona nani anaingia na nani anatoka, na hakuna anayejisumbua kushusha sauti kwa sababu yake.

Hapa ndipo penye elimu kubwa kuhusu mpelelezi kijana wa kwetu. Mtoto wa Kiminini au Kimilili hawezi kumkalisha mzee na kumhoji kama Nancy Drew anavyofanya. Angepata kofi kabla ya jibu. Lakini mtoto hutumwa. Hutumwa dukani, posho mill, kwa jirani kuomba moto, sokoni Chwele na ujumbe wa mdomo. Anayetumwa husikia. Mwandishi anayelijua hili hahitaji kumpa shujaa wake kioo cha kukuzia vitu. Ampe kikapu na orodha ya kununua.

Kuna pia tatizo la umri, na kwa Bungoma ni tatizo hasa. Katika mifululizo ya ng'ambo mpelelezi hakui. Nancy alikaa ujanani miaka nenda miaka rudi na hakuna msomaji aliyeudhika. Kwa Wabukusu, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili huja na tohara, na kijana akishapita hapo hasemeshwi tena kama jana. Ana rika lake, iwe Maina, Chuma au Sawa, na rika halirudi nyuma. Mvulana wa miaka 13 anayechunguza wizi katika kitabu cha kwanza hawezi kuwa na miaka 13 katika cha nne bila msomaji wa Webuye kuuliza: huyu Agosti alikuwa wapi? Wengine wataona hiki ni kikwazo. Mimi nakiona ni zawadi kwa mwandishi, kwani mfululizo ambao mpelelezi wake anabadilika hadhi kati ya kitabu na kitabu, akapoteza uhuru wa kutumwa na kupata haki ya kuuliza, una hadithi ya pili ndani yake bila gharama.

Visa vyenyewe havihitaji kubuniwa mbali. Kitale ndiko makao makuu ya Kenya Seed Company, iliyoanzishwa 1956, na kila msimu wa kupanda mkulima wa huku huwaza kama mbegu aliyonunua ni halisi au ni feki. Gunia lenye nembo sahihi na punje zisizoota ni kisa kamili. Njia ya kukifuatilia nayo ipo: matatu ya kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, ambako lori lazima lipite kwenye mizani, kisha Bungoma na mpaka wa Malaba.

Kinachotukwaza ni jinsi tunavyosoma. Shule humpa mwanafunzi kitabu kimoja, humtahini, kisha hukikusanya. Mfululizo hudai tabia nyingine: kungoja, kubishana na mwenzako juu ya kidokezo, kukumbuka kosa la mhusika tangu vitabu vitatu nyuma. Anayesoma kwa ajili ya mtihani peke yake hataijua ladha hiyo, hata akipata alama A.

Kwa hiyo anza na Mzimu wa Watu wa Kale, ufuate Kisima cha Giningi, kisha ingia Siku Njema moja kwa moja kabla hujarudi kwa Msa wa miaka ya sabini. Kosa la Bwana Msa kiache mwisho. Mtu hawezi kulithamini kosa la mpelelezi ambaye hajamwona akipatia. Ukikuta vitabu hivi kwa wauza mitumba, nunua hata kilichokosa jalada, ila hakikisha kwanza kwamba kurasa za mwisho zimo.