Babu mmoja, majina matatu

Kitabu cha ubatizo kinamwita Paulo. Kwenye daftari la kijiji ni Gwandu. Wazee wa rika lake wanamkumbuka kwa jina la utani tu, na ukitaja Paulo wanakuuliza ni Paulo yupi. Wanaotafuta koo zao Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, wanakijua vizuri kisa cha namna hii.

Kwa Wadatoga wa huko, majina mengi ya wanaume huanza na Gida-, na ya wanawake na Uda-. Gidamis Shahanga wa Katesh, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, ana jina la aina hiyo. Karani akikata mwanzo huo, mwanamume na mwanamke wenye majina ya mzizi mmoja hawatofautishiki tena.

Kikwazo kikubwa zaidi ni heshima. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayokaribiana nalo kwa sauti; hutumia mengine badala yake. Mwanaisimu Alice Mitchell ameuchunguza kwa kina utaratibu huu. Sasa bibi anaulizwa: “Baba wa mumeo aliitwa nani?” Ananyamaza, au anazungukia mbali, na mwandishi anaandika “hakumbuki”. Kumbe anakumbuka kila kitu. Swali hilo lilipaswa kupelekwa kwa ndugu asiyefungwa na mwiko huo.

Kwa majirani zao Wairaqw, tatizo huanzia kwenye herufi. Sauti za tl, hh na q hazimo katika Kiswahili, hivyo Tluway huweza kugeuka Tuluway, na Qamara akawa Kamara. Hata John Stephen Akhwari, shujaa wa Mbulu katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, huandikwa pia Akwari.

Mipaka nayo imehama. Hanang ilimegwa kutoka Mbulu, na mkoa wa Manyara ukazaliwa kutoka Arusha mwaka 2002. Cheti cha zamani kinachosema “Mbulu, Arusha” kinaweza kuwa cha mtu wa Katesh, ambayo leo iko Hanang.

Haya yote huibuka siku ya mirathi. Ndugu wawili wa baba mmoja wanafika mahakamani, mmoja akitumia jina la babu, mwingine la ukoo, na wanalazimika kuthibitisha undugu ambao kijiji kizima kinaujua.

Dawa ni daftari la ukoo, na lianze wazee wangali hai. Kila mtu aandikiwe jina la kuzaliwa, la ubatizo na la utani, aliyempa na kwa sababu gani, jina la mama, ukoo, kijiji, na wilaya ya wakati ule. Makosa ya makarani yasifutwe. Jina sahihi liandikwe kando yake. Mjukuu atayahitaji yote mawili: moja la kumtafutia babu kwenye nyaraka, jingine la kumwulizia nyumbani.